Ndege wa majini Mikindani: nimewahi alfajiri, wote wako mbali. Nakosea wapi?

Karani_wa_Korosho (Jumapili, saa 11:40 jioni)

Habari za jioni wadau. Naomba msaada kwa wanaopiga picha ndege wa pwani, hasa mlioko Mtwara na Lindi.

Mimi ni mtu wa Singida. Nimekulia karibu na ziwa Singidani, heroe nimewaona kabla sijajua kusoma. Huu ni mwaka wangu wa tatu Mtwara, ni karani kwenye ghala la chama cha msingi. Msimu wa korosho ukipamba moto sina Jumamosi wala Jumapili, ila sasa minada imekwisha, ghala limefagiliwa, na nimepata nafasi ya kufanya kitu nilichokiahidi moyo wangu tangu mwaka juzi: kuwapiga picha ndege wa ghuba ya Mikindani. Kila nikipita barabara ya Lindi nawaona kwa mbali kwenye tope, mamia, na dereva hasimami.

Kamera yangu ni Nikon P900, niliinunua mkononi kwa mtu. Inavuta mbali sana, ndiyo sababu niliitaka.

Jana nimeamka saa kumi usiku. Bodaboda akanichukua saa kumi na moja, saa kumi na mbili kasoro dakika chache nikawa nimeshuka. Kulikuwa bado giza la kuonana kwa shida, lakini mwezi mpevu ulikuwa unaning'inia upande wa magharibi, mkubwa, ukanisaidia kuona njia kati ya mikoko. Jua lilipochomoza, mnamo saa kumi na mbili na nusu kasoro, nikawaona. Ndege wa kila aina. Ila walikuwa ng'ambo ya tope, kwenye ukingo wa maji, labda mita mia mbili.

Nikasubiri kidogo, nikaona wanazidi kusogea kule. Nikavua viatu nikawafuata. Tope likanishika hadi magotini. Kila nikipiga hatua thelathini wao wameshasogea hatua sitini. Saa mbili nikawa nimesimama katikati ya ghuba iliyokauka, kamera nimeibeba juu ya kichwa kama ndoo ya maji, na ndege wamekuwa nukta. Wanawake waliokuja kuokota chaza walinipita wakitembea kama wako barazani. Mama mmoja akanitazama akasema, "Leo maji yamekwenda mbali, mwanangu," akaendelea na ndoo yake.

Nimerudi na picha 412. Nimezipitia zote usiku. Nyingi ndege anaonekana kama yuko nyuma ya moshi, mistari ya mwili wake inacheza. Weupe wote wameungua, hakuna hata unyoya mmoja unaoonekana, ni kipande cha mwanga chenye miguu.

Maswali yangu:

Kwanza, nifanye nini ili niwe karibu? Nichimbe shimo nijifiche? Nivae nguo za kijani?

Pili, ule moshi ni ubovu wa kamera? Aliyeniuzia simpati tena kwa simu.

Tatu, naomba kusaidiwa majina. Yangeyange, sululu na mdiria nawafahamu. Lakini kuna mmoja mdogo wa kijivu, miguu ya rangi ya chungwa, mdomo mrefu unaopinda kwenda juu, anakimbia ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha shilingi. Kuna wengine wakubwa weupe wenye mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene, miguu mirefu, walisimama kundi moja kwenye kipande cha mchanga, niliwahesabu kumi na saba. Na kati ya vitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda chini niliona watatu ambao kifua kimeanza kuwa chekundu kwa madoa, kama wamepakwa tope la kichuguu. Hao wamenitia wasiwasi. Wanaumwa?

Fundi_Picha_Lindi (saa 1:05 usiku)

Kaka, kamera yako ni nzima. Hayo unayoyaita moshi ni mazigazi. Jua likishapasha tope, hewa ya juu yake inachemka, na wewe unaivutia yote ndani ya lenzi. Lenzi ya P900 ikivutwa hadi mwisho ni sawa na milimita 2000, kwa hiyo inakuza ndege na inakuza hewa mbovu iliyopo katikati vilevile. Hakuna mpangilio wa kamera unaotibu hilo. Dawa ni kumaliza kazi kabla ya saa tatu, na kupunguza umbali.

Weupe kuungua ni kwamba kamera inaona tope jingi jeusi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Tafuta kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, shusha hadi kutoa 0.7, jua likikolea shusha hadi kutoa 1. Picha itaonekana nyeusi kidogo kwenye kioo, usijali, manyoya yatakuwepo. Kasi ya kufunga usiende chini ya 1/1000 ya sekunde kwa anayetembea. Akiruka, 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, usipitishe 800 kwa kamera hiyo, kihisio chake ni kidogo, chembechembe zinajaa haraka.

Na kaa chini. Wengi tunapiga tukiwa tumesimama, ndege anaonekana kama tunda lililoanguka. Lenzi ikiwa usawa wa jicho lake, picha inakuwa na mtu ndani. Mimi hujaza mchanga kwenye soksi kuukuu, nafunga fundo, naulaza juu ya tuta na kamera juu yake. Sijawahi kununua tripodi.

Suala la kuwakaribia nawaachia wa huko, mimi napiga zaidi upande wa Kitunda.

Mpita_Pwani (saa 1:30 usiku)

Mkuu rahisi tu, tafuta walipokaa wengi halafu mtu wako atupe jiwe upande wa pili. Wote wanaruka kuja kwako. Picha za kundi likiruka ndizo zinapendwa.

Mama_Majaruba (saa 2:50 usiku)

Karani, habari ya huko ghalani. Mimi nimezaliwa kwenye majaruba ya chumvi, baba yangu alikwangua chumvi hadi mgongo ukapinda, na mimi nimeikwangua. Baadaye nikawa nabebea darubini wageni wanaokuja kuhesabu ndege mwezi wa Januari. Sensa ya ndege wa majini hufanyika Januari duniani kote, ilianza 1967. Kwa hao wageni ndiko nilikopata majina. Tabia za ndege nilikuwa nazijua tangu mtoto, maana tulikuwa tunakaa nao.

Umeandika habari nyingi lakini jibu limo kwenye maneno mawili: mwezi mpevu. Ulikwenda siku ya bamvua, siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, mwanangu. Huku kwetu siku ya bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne. Ulipofika wewe, maji yalikuwa na karibu saa mbili yanatoka, na ndege wanatoka nayo, kwa sababu chakula chao kiko pale tope linapofunuka muda huohuo, kabla kaa na minyoo hawajashuka chini. Yule mama wa chaza alikuambia. Bamvua ni siku yake yeye, siku ya maji kwenda mbali. Siyo siku yako.

Wewe unataka maji yanayojaa asubuhi na mapema. Maji yakijaa yanawanyang'anya tope, wanatafuta mahali pakavu pa kusimama mpaka yatoke. Hapo ndipo wanapokuja kwenye majaruba, kwenye yale matuta na sakafu zenye maji ya kifundo. Mwezi huu wa tatu chumvi haivunwi, mvua imejaza majaruba, hakuna kelele za makoleo, wanapapenda sana. Wakikukuta umekaa hapo kabla yao, wanakuja wao. Nimewahi kukaa nimeshona mkeka, sululu amesimama mbali nami kama kutoka mlangoni hadi jikoni.

Sasa angalia kalenda yako. Maji huchelewa kila siku, mwanzoni kama dakika arobaini, kadiri maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, yanavyokaribia yanafika saa nzima. Kwa hiyo Jumatano hii yatajaa saa moja na kitu, Alhamisi saa mbili na kitu. Jumamosi ijayo yatakuwa maji mafu, yanajaa saa nne lakini kwa uvivu, tope halifuniki lote, ndege hawana haja ya kuja majarubani. Jumamosi ya baada ya hapo ni bamvua tena, la mwezi mwandamo. Yaani Jumamosi zako zote mwezi huu zinaangukia pabaya. Omba ruhusa Alhamisi. Kama una mtu bandarini akupe jedwali la maji, linganisha na haya ninayosema.

Usichimbe shimo. Nguo zozote zisizo nyeupe wala nyekundu zinatosha. Ndege haogopi mtu, anaogopa mtu anayesimama na mtu anayemjia moja kwa moja. Fika kabla ya jua, muone mlinzi wa majaruba, umsalimie, ukae chini mashariki yao ili jua likupige mgongoni. Halafu usiondoke. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Ukishaketi, tumbo likisokota, simu ikilia, umekaa. Na usikanyage sakafu ya jaruba, pita juu ya tuta. Sakafu ile imeshindiliwa kwa miguu ya watu, ukiitoboa umemharibia mwenzio msimu.

Majina. Wa kijivu mwenye mdomo wa kwenda juu ni Xenus cinereus. Wazungu wamempa jina la mto Terek, unaomwaga maji bahari ya Kaspi. Anakimbiza kaa wadogo, na akimkamata mara nyingi humpeleka majini kumsuuza kwanza.

Wale kumi na saba weupe na weusi ni Dromas ardeola, mla kaa. Umebahatika kuwaona. Katika ukoo wake yuko peke yake, hana ndugu hata mmoja duniani. Anazaa Uarabuni, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia, anachimba pango mchangani kama panya na kutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Mtoto huja naye hadi huku, na huku bado anamlilia mzazi amlishe. Ukisikia mluzi wa kulalamika kwenye kundi lao, ndiyo huyo mtoto mkubwa. Hawa usiwategemee majarubani, wanapenda ncha za mchanga. Nenda Msimbati siku nyingine. Pale ni hifadhi ya bahari tangu 2000, ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma, utalipa kiingilio.

Wenye kifua chekundu hawaumwi hata kidogo. Ni Calidris ferruginea, wanavaa nguo za harusi. Huku kwetu muda wote ni wa kijivu, lakini ukifika mwezi wa tatu na wa nne wanaanza kugeuka rangi ya tofali, kwa sababu wanaondoka. Wanakwenda kuzaa kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita elfu tisa kutoka hapo ulipozama kwenye tope.

Na ndiyo maana wewe Mpita Pwani nakuomba, na ninakuomba kwa moyo wote, jiwe usitupe. Ndege yule ana uzito wa gramu sitini hivi. Wiki hizi anakula mchana na usiku kujaza mafuta ya safari, na maji yakijaa anahitaji kusimama atulie. Kila ukimrusha anachoma mafuta aliyoyatafuta tangu alfajiri. Watu watatu wenye kamera wakimrusha asubuhi moja, ameondoka na pungufu, na huko njiani hakuna wa kumwongezea. Picha ya kundi likiruka utaipata bila jiwe. Subiri kipanga.

Mpita_Pwani (saa 3:15 usiku)

Nimekuelewa mama. Sikulijua hilo la safari. Naliondoa neno langu.

Mwana_wa_Mikindani (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)

Nyongeza fupi. Kwa lenzi kubwa hivyo usielekeze kabisa upande wa bandari wala mitambo ya gesi, hata kama ndege amekaa hapohapo. Na kabla ya kwenda pitia kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe. Dakika tano tu, inakuepusha na maelezo ya saa tatu.

Karani_wa_Korosho (Alhamisi, saa 2:10 usiku)

Shikamoo Mama Majaruba. Nimerudi. Nimeomba ruhusa kama ulivyosema, meneja akauliza sababu, nikamwambia ukweli, akanitazama kisha akasaini.

Nimefika saa kumi na moja na nusu. Mlinzi ni mzee, nimempa shikamoo nikamweleza ninachotaka. Akaniuliza nitakaa muda gani, nikasema mpaka maji yatoke. Akanionyesha tuta la tatu, akasema hilo ndilo wanalolipenda, akaenda zake kuota moto. Nikajaza mchanga kwenye soksi (asante Fundi), nikakaa.

Nusu saa hakuna kitu. Majaruba yamelala kimya, maji ya kijivu, mbu wengi. Nikafikiri nimekosea tuta. Jua likatoka, bado. Kwa mbali nasikia ghuba inajaa, ule mlio mdogo wa maji yakipenya mizizi ya mikoko. Nilitamani kusimama nichungulie. Nikakumbuka ulivyoandika, nikabaki.

Saa moja na dakika kumi akaja sululu mmoja. Akatua, akaangalia huku na huku, akatulia. Kisha wanne. Halafu nikasikia kitu nyuma yangu kama korosho zinapomwagwa kutoka kwenye gunia juu ya turubai, nikajua bila kugeuka kwamba ni mbawa. Wakapita juu ya kichwa changu kwa chini kabisa, upepo wao nikausikia masikioni, wakageuka wote kwa pamoja, weupe, wa kijivu, weupe, wakatua mbele yangu. Mita kumi na tano! Nimezoea kuhesabu magunia kwa mafungu ya kumi, nikawahesabu hivyohivyo: mafungu thelathini na moja na kidogo.

Mama, wamesimama kwa mguu mmoja. Wameingiza midomo mgongoni wakalala. Mwenye mdomo wa kwenda juu alikuwa wa karibu kuliko wote, nimeona hadi miguu yake jinsi ilivyo na magamba ya rangi ya chungwa, na jicho linafunguka na kufunga. Wale wa nguo za harusi leo ni kumi na mmoja. Mmoja amekwisha kuwa mwekundu kifua kizima, amebakiza shingo. Nimempiga picha nyingi kuliko wengine na kila nikimpiga nilikuwa nawaza kilomita elfu tisa. Ni mdogo jamani. Angeenea kwenye kiganja.

Kipanga alikuja saa mbili kasoro robo. Sikumwona, nilichoona ni vichwa vyote vimeinuka kwa wakati mmoja, halafu tuta zima likapaa. Kamera nilikuwa nimeiweka 1/2000 nikisubiri. Walizunguka mara tatu wakarudi. Yule mla kaa hakutokea, kama ulivyosema. Msimbati nitakwenda mwezi wa nne nikipata nauli ya huko.

Maji yalipoanza kutoka waliondoka kidogokidogo, si kwa kishindo. Mpaka saa tatu na nusu tuta lilikuwa tupu, limebaki na nyayo na vinyesi. Picha 260, nzuri kama arobaini. Nitaweka tano kesho nikipata bando.

Jambo moja la kuuliza. Mmoja wa wale wenye mdomo wa kwenda juu alikuwa na kitu kinang'aa mguuni. Nilidhani ni tone la maji, nikakuza picha, ni pete. Ni ya nani?

Mama_Majaruba (saa 2:35 usiku)

Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nimemsomea mjukuu.

Hiyo pete amevishwa na watafiti mahali fulani alikopita au alikozaliwa. Ina namba na jina la nchi au taasisi, na namba ikisomeka wanaweza kujua alivishwa wapi na lini. Usifute picha hata moja yenye mguu ule, hata mbovu. Niambie: mguu wa kulia au wa kushoto, wake yeye siyo wako? Juu ya goti au chini? Ni ya chuma tu au kuna ya rangi pia? Na saa ngapi ulipiga?

Karani_wa_Korosho (saa 2:58 usiku)

Mguu wake wa kushoto, chini ya goti. Ya chuma, hakuna ya rangi. Kamera imeandika saa 1:34 asubuhi. Nina picha sita za mguu huo. Kwenye ya nne amegeuka kidogo, na nikiikuza naona tarakimu mbili, 7 na kingine ama 3 ama 8. Natafuta kwenye zile tano nyingine upande wa pili wa pete.